Bunduki ya Sponji Chuoni kwa Bi Mwanatabu

"Mtoto atakayelala chuoni kwangu bado hajazaliwa, na mamake hajavunja ungo!"

Maneno haya aliyasema Bi Mwanatabu siku ya Maulidi, mwaka wa tisini na tano, uwanjani Timbwani, kipaza sauti kikiwa mkononi. Alikuwa ameitwa kupokea doti ya kanga kwa sababu wanafunzi wake walisoma vizuri kuliko watoto wa vyuo vingine vya Kurani vya Likoni. Alitakiwa aseme ahsante, arudishe kipaza sauti, aketi. Ahsante aliisema. Kukirudisha ndiko kulikokawia.

Upande wa wanawake vigelegele vilipigwa mpaka vumbi likatoka kwenye turubali. Upande wetu wa wanaume, nyuma ya pazia, mzee mmoja alinong'ona, "Huyu mama anajitafutia." Mwenzake akamwambia anyamaze, wajukuu zake wote wanasoma pale. Taabu ya jigambo lile ni kwamba lilikuwa kweli. Jigambo la uongo watu hulicheka wakalisahau. La kweli hukaa pembeni likakungoja uzeeke.

Chuo chenyewe kilikuwa ukumbi wa nyumba yake ya makuti, mikeka miwili, na nguzo moja katikati ambayo kila mtoto wa Timbwani amewahi kuiegemea akajuta. Watoto walikuja baada ya shule, matumbo yamejaa wali, jua limeshuka usawa wa macho, na Jumamosi walikuja asubuhi. Bi Mwanatabu alikaa juu ya kitanda cha kamba akishona kofia za kiume, zile za vitobo, ambazo mtu akitaka ya Idi aagize tangu Rajabu. Macho yalikuwa kwenye sindano. Masikio yalikuwa kwetu.

Nasema kwetu kwa sababu na mimi nililetwa pale, nikiwa sina meno mawili ya mbele. Baba yangu alinishika mkono akanikabidhi kwa maneno yale yale ambayo kila mzazi huyasema: "Mwalimu, nyama zako, mifupa yetu." Maana yake, mtoto mrudi upendavyo, ila utakapomrudisha awe mzima. Mpaka leo sina hakika kama nyama zangu nilirudishiwa zote.

Kusoma kwa chuoni ni hivi: kila mtoto na mahali pake kwenye juzuu, na wote wanasoma kwa sauti kwa pamoja. Mpita njia husikia soko la Kongowea. Bi Mwanatabu alisikia nyuzi, kila mtoto na uzi wake. Uzi mmoja ukilegea, bila ya kuinua macho, mkono wake wa kulia ulichukua mwanzi. Mwanzi ule ulikuwa wa marehemu mumewe, mzee Boga, ambaye katika uhai wake aliangulia ukwaju, na ulikuwa mrefu kiasi cha kumfikia mtoto wa mkeka wa pili, aliyekaa karibu na mlango akidhani ameokoka. Haukupiga. Ulikugusa begani, tap, kama mtu anayebisha hodi, nawe ukaamka ukiendelea na aya ambayo hukuwa nayo. Hivyo ndivyo alivyosomesha tangu ujane wake. Kwanza akina mama, kisha watoto wa akina mama wale, na kama si kisima angefika kwa wajukuu.

Mwanzo wa mwaka wa tisini na sita aliteleza kisimani akaangukia bega la kulia. Mkandaji wa Mtongwe alimkanda kwa mafuta ya nazi na maneno, mkono ukarudi: unashona, unakuna nazi, unakula. Kuinuka tu ndiko ulikokataa. Goti la kushoto nalo lilikuwa limeshastaafu zamani, kwa hivyo kumwendea mtoto mkekani ilikuwa safari ya kuomba dua kabla na baada.

Alijaribu mwanzi kwa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza aliangusha kofia ya mtoto asiyehusika, siku ya pili akamgusa kuku. Alijaribu kuita kwa jina, lakini akiita "Nzai!" watoto wote hunyamaza kumtazama Nzai, na kuwarudisha kwenye kusoma ni kama kurudisha maziwa kwenye titi. Tulimwuliza kwa nini asiwatupie watoto kandambili, maana akina mama wote wa Likoni ni mabingwa wa kutupa. Akatutazama kama tumekula mchana wa Ramadhani. "Nimtupie kiatu mtoto aliyeshika maneno ya Mungu? Nyinyi mlisoma kwangu kweli?"

Sasa, Bi Mwanatabu alikuwa na binti, Dhahabu, aliyeolewa Kisauni. Dhahabu alikuwa na watoto watatu, mume anayekesha kazini Changamwe, na kibanda cha mitumba Kongowea. Tangu mama aanguke, alivuka kila siku ya pili kumletea maji na kumfulia. Kutoka Kisauni mpaka Likoni ni daraja kisha feri, na kati yake mji mzima wa Mombasa unaokutazama kama umekosea njia. Siku moja aliweka ndoo chini akasema:

"Mama, funga chuo. Twende ukakae kwangu."

"Kisauni? Nikafanye nini Kisauni, nihesabu mbu?"

"Mbu wako hapa pia."

"Wa hapa wananijua."

Dhahabu ni binti wa mamake. Akakunja kanga kiunoni, na mimi niliyekuwa nimekuja kuazima koleo nikasogea karibu na mlango.

"Mama, wewe ulisema mbele ya Likoni nzima, kwa kipaza sauti. Haya. Na wakilala je?"

Bi Mwanatabu akachoma sindano kwenye kofia akaiacha hapo. "Wallahi, siku mtoto akilala chuoni kwangu na mimi nisimwamshe, siku hiyo nimefunga chuo na kitanda changu kinavuka. Umesikia? Na yule pale kashuhudia." Akanielekeza kidole. Upande wa pili wa ua, jirani yake Selpher, mama wa Kigiriama kutoka Kaloleni anayekaanga viazi vya karai, naye akaitikia, "Na mimi nimesikia, Bi Mwanatabu!" Selpher alikuwa na sababu zake. Hakuwa na saa. Watoto wakianza kusoma hubandika karai, wakimaliza viazi viko tayari na wateja wako mlangoni. Chuo kikifungwa, hatajua hata lini ni jioni.

Basi ikawa hivyo. Mtoto akilala asiamshwe, Kisauni.

Mwezi wa tano Rama alishuka melini. Huyu ni kaka yake Dhahabu, baharia, mtu wa kupotea mwaka mzima akarudi na sabuni zenye harufu ya tunda usilolijua. Safari hii, ndani ya mfuko wa zawadi za watoto wa dadake, mlikuwa na bunduki. Msishtuke. Plastiki, rangi ya manjano kwa zambarau, kubwa kama bata mzinga. Juu ina gurudumu lenye vishale vya sponji, kila kishale na kichwa cha mpira. Unabonyeza swichi, mota ndani inanguruma nguuuu, unavuta traiga, kishale kinaruka. Haichomi, haiumizi. Rama alimpiga nayo Selpher mgongoni ili kuonyesha, na Selpher akaendelea kugeuza viazi, akasema kuna nzi.

Bi Mwanatabu aliweka kofia chini. "Hii inafika wapi?"

"Mpaka kwenye ule mpapai, Mama."

Aliutazama mpapai. Akautazama mkeka wa pili. Mpapai ulikuwa mbali zaidi.

"Watoto wa Dhahabu watafutie kitu kingine," akasema.

Mimi niliitwa jioni ile ile. Mtaa mzima ulijua nilikwenda kusomea umeme nikarudi kabla ya cheti, na kwa sababu hiyo kila redio inayokohoa huletwa kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe si ulisomea mambo ya umeme?"

"Nusu, Mwalimu."

"Basi niambie nusu ya akili ya kitu hiki, nyingine Mungu atanijalia. Nitaje faida, utaje hasara. Au wewe taja faida. Hapana, ngoja." Tayari alikuwa amechanganyikiwa, na bunduki ilikuwa bado haijatiwa mawe mapya, maana ya Rama yalikwisha kwa majaribio.

Hapo ndipo shida ya kwanza. Bunduki ilikula mawe sita ya redio, yale manene. Redio yake ilikula manne, na hiyo ndiyo aliyosikilizia mawaidha na matangazo ya vifo. Akitia mawe kwenye bunduki, hajui nani kafa. Akitia kwenye redio, watoto wamelala.

"Hiyo ni hasara," nikasema.

"Lakini haina nguvu ya kuumiza. Hiyo ni faida."

"Ndiyo. Wala haiachi alama. Hakuna mama atakayekuja hapa kajifunga kibwebwe."

"Lakini mtoto akijua haiumizi, ataogopa nini?"

Nikafikiri. "Hasara."

"Mwanzi nao ulikuwa hauumizi, na waliuogopa."

"Basi faida?"

"Nakuuliza wewe!"

Selpher akachungulia juu ya ua wa makuti. "Bi Mwanatabu, hicho kitu kinanguruma. Mtoto atakisikia kabla hakijamgusa, ataamka mwenyewe, atakwambia hakulala."

Kweli mota ilinguruma kwanza. Hiyo ni faida au hasara? Lengo ni kumgusa mtoto au kumwamsha? Bi Mwanatabu alisema lengo ni aamke. Kisha akasema hapana, lengo ni ajue kwamba ameonekana. Kisha akasema nimpe maji ya kunywa.

Alianza Jumatatu. Aliweka masharti yake mwenyewe: hampigi mtoto kichwani, hampigi aliyeinua juzuu, analenga miguu tu, na anasema bismillahi. Watoto walipoiona juu ya kitanda, kando ya bakuli la nyuzi, walikaa wima kama wanapigwa picha. Siku ile hakulala mtu. Siku ya pili hakulala mtu. Walisoma huku macho yao yote yameelekea bunduki, wakiruka mistari, na Nzai alisoma sura moja mara tatu bila kujua. Nzai huyu alikuwa mtoto wa fundi cherehani aitwaye Mwinyihaji, mvulana mnene, mpole, bingwa wa usingizi wa Likoni ya kusini. Jumatano jua likamshinda. Uzi wake ukalegea. Mota, nguuu, kishale kikaruka, upepo wa kusi ukaingia mlangoni ukakichukua, kikampata Mwanasaumu shingoni, msichana ambaye alikuwa anasoma vizuri kuliko wote.

"Mwalimu! Mimi sikulala!"

"Najua, mwanangu, ni upepo. Mpe Nzai hicho kishale."

Chuo kikacheka dakika nzima. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alhamisi, alipoinua macho kutafuta uzi mwingine wa kutunga sindanoni, alikuta mkeka wa pili wote umelala. Chali, kifudifudi, wengine wanakoroma kwa ufundi. Walitaka kupigwa. Akampiga wa kwanza, mtoto akajikunja, akatetemeka, akafa kishahidi. Wa pili akafa kwa kelele zaidi. Wa tatu alimwomba Mwalimu ampige tena kwa sababu ya kwanza hakuisikia vizuri.

Fikiria mtu aliyeishi maisha yake yote akijua kwa sikio nani yuko macho na nani kalala. Sasa wote wamelala na hakuna aliyelala. Aliniita tena.

"Mtoto anayejilaza ili aamshwe, amelala?"

"Hajalala, Mwalimu."

"Basi mbona hasomi?"

"Kwa sababu amelala."

"Hebu nenda nyumbani kwenu."

Wazazi nao wakagawanyika. Mwinyihaji alikuja Ijumaa baada ya sala, sindano bado zimechomwa kwenye ukosi wa shati, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, maana alikuja kwa hoja, hakuja kukaa.

"Bi Mwanatabu, mimi nilikupa nyama. Sikumbuki kukupa sponji."

"Mwinyihaji, sponji haifiki hata kwenye nyama."

"Ndiyo ninachosema! Mtoto harudiwi kwa godoro. Nzai juzi kaniomba nimnunulie bunduki kama ya Mwalimu. Bunduki kama ya Mwalimu! Hayo ni maneno gani?"

"Lakini anakuja chuoni mapema siku hizi?"

Mwinyihaji akachomoa sindano moja ukosini, akaichoma tena. "Anakuja mapema mno. Jana hakungoja chakula."

"Basi?"

"Basi sijui!" Akaondoka kwa hasira ya mtu aliyeshindwa ubishi na haelewi ameshindwaje.

Kweli watoto walikuwa wameongezeka. Walikuja hata wa Shelly Beach, wenye baiskeli. Wanakuja kwa Kurani au kwa bunduki? Bi Mwanatabu alisema Mungu hufungua mlango apendao. Usiku huo huo, Selpher aliniambia, alimsikia akisema peke yake: "Sasa kama mlango wenyewe ni wa manjano?"

Akaanza kubana. Akatoa amri kuwa anayejilaza kwa makusudi hapigwi, huachwa. Watoto wakaacha kufa. Mwezi mzima bunduki ilifanya kazi yake vizuri: ngurumo moja, kishale kimoja, mguu mmoja, na kusoma kunaendelea. Alijifunza upepo. Upepo wa kusi ukiingia, alilenga mlango ili ampate wa dirishani. Dhahabu alikuja na ndoo yake, akatazama kutoka uani, akaona mamake amekaa kama askari wa forodha. Aliosha vyombo akaondoka kuwahi feri. Nilimsaidia kubeba ndoo. Aliniambia, "Huyu mama atanishinda," na sikujua kama analalamika au anajisifu.

Kisha akaja mbuzi.

Mbuzi alikuwa wa Mwinyihaji, na sisemi alitumwa. Alipita ukumbini siku ya Ijumaa ambapo hakuna chuo, akakuta vishale vimesambaa pembeni ya mkeka, akavitafuna viwili, akavikojolea vilivyobaki, akaendelea na shughuli zake. Mtu mwingine angevipangusa. Bi Mwanatabu hakuwa mtu wa kupangusa. Kitu hiki kinaruka, kinamgusa mtoto mwenye udhu, mwenye juzuu mapajani. Mkojo wa mbuzi ni najisi. Najisi huondoshwa kwa maji, hata ukipita kwa mwanachuoni yeyote wa pwani hatakwambia lingine. Akateka maji, akavitia vishale kwenye beseni, akavikamua, akavimiminia maji tena, mara tatu, kama anavyoosha kanzu. Akavianika kwenye kamba kwa vibanio. Nilipopita asubuhi ya Jumamosi vilikuwa vinaning'inia pale kama soksi za mtoto mchanga.

"Vimekauka?" akaniuliza.

Nikavibonyeza. Nje vilikuwa vikavu. Ndani ya sponji anayejua ni Mungu. Mota nilizisomea muhula wa tatu. Mambo ya sponji, kama yapo, yatakuwa ya muhula wa nne, na huo sikuufikia.

"Vimekauka, Mwalimu."

Akavipanga kwenye gurudumu, kimoja kimoja, na vilikuwa vimevimba kidogo, vikaingia kwa kusukumwa.

Dhahabu alifika asubuhi hiyo hiyo bila ndoo. Alikuwa Kongowea tangu alfajiri kufungua bando la mitumba, na kabla ya hapo alikesha na mtoto wake wa mwisho aliyekuwa na homa. Alivua viatu, akaketi mwisho wa mkeka wa pili, akaegemea nguzo.

"Leo nimekuja kutazama, Mama. Sikuja kubishana."

"Tazama. Hapa si Kisauni, hapa hapalali mtu."

Watoto wakaanza. Selpher akabandika karai. Mimi nilikuwa uani na redio yake mapajani, nikijaribu kuifanya iseme kwa mawe mawili. Niliwaona wote wawili kutoka pale. Dhahabu alisoma pale pale utotoni, na mdomo wake ukaanza kwenda pamoja na watoto, bila sauti, kisha kwa sauti ndogo, sura ile ya mwanzo mwanzo ambayo mtu haisahau hata akitaka. Mamake akatikisa kichwa akishona, kama mtu aliyesikia wimbo wa arusini kwake. Kisha ule uzi mdogo ukalegea. Ukakatika.

Bi Mwanatabu akainua macho.

Dhahabu alikuwa amelala. Kichwa kwenye nguzo, mdomo wazi, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, nyayo zimepasuka, zina vumbi la soko. Buibui lilikuwa limemteleza mabegani.

Bi Mwanatabu akashika bunduki. Akasema bismillahi. Akabonyeza swichi, mota ikanguruma, akavuta traiga. Kishale kilikwama. Mota ikalia kwa sauti ambayo sijaisikia hata kwenye mashine za bandarini, kisha ukatoka moshi, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa ukumbi. Watoto wakanyamaza wote. Maji yalidondoka kutoka mdomo wa bunduki, tone moja, kwenye kofia.

Dhahabu hakusikia chochote.

"Mwalimu," akanong'ona Nzai, aliyekuwa kando ya Dhahabu, "nimwamshe?"

"Umetumwa? Soma."

"Lakini amelala."

"Someni polepole. Wote. Polepole."

Wakasoma polepole. Sijawahi kusikia chuo kikisoma vile, kama watu wanaopita kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kichwa cha Selpher kikatokea juu ya ua.

"Bi Mwanatabu! Huyo mtoto amelala!"

"Namwona."

"Mwamshe basi! Utapelekwa Kisauni, we mama!"

"Selpher, punguza moto wa karai lako, linapiga kelele."

Hakumwita jina. Alikuwa na ulimi, alikuwa na kandambili, alikuwa na Nzai umbali wa kiwiko. Alichukua sindano akaendelea kushona, na kwa mara ya kwanza nilimwona akikosea kitobo akakifumua. Dhahabu alilala mpaka adhana ya adhuhuri. Watoto, isipokuwa Nzai aliyekuwa akimngoja babake, waliondoka kwa ncha za vidole vya miguu.

Alipozinduka alijifuta mate kwa ncha ya kanga, akatutazama mimi na Selpher, kisha mamake.

"Nililala?"

"Ulilala."

Nilidhani atacheka, au atasema haya Mama, funga mzigo. Badala yake uso ukamwiva.

"Hiyo haihesabiki. Mimi si mtoto. Mimi nina watoto watatu."

"Nani alikuzaa?"

"Mama, usianze."

"Nakuuliza, nani alikuzaa? Wewe ni mtoto wangu, ulikuwa mkekani kwangu, ulikuwa unasoma, nikakusikia kwa sikio hili. Ukalala. Sikukuamsha. Niliapa."

"Bunduki iliharibika!" Huyu alikuwa Mwinyihaji, aliyekuja kumchukua Nzai akakuta mkutano. Yule aliyepinga sponji sasa alikuwa wakili wake. "Hiyo ni hitilafu ya mtambo, si ya mwalimu. Si ndiyo, wewe fundi?"

Wote wakanigeukia. Nikasema kiufundi mota iliungua kwa sababu ya unyevu. Nikasema pia kwamba sijui unyevu ule tuuhesabu kwa nani.

"Mtambo ulikataa," akasema Bi Mwanatabu, "lakini mdomo nilikuwa nao."

Hapo wakabishana kwelikweli, na ubishi wenyewe ulikuwa umegeuka kichwa chini. Dhahabu, aliyetaka chuo kifungwe, aliapa kuwa hakulala, alifumba macho tu. Mwinyihaji alitaka mwalimu abaki na mwanzi wake, bunduki yake, chochote chake. Selpher alisema mtu mzima akilala chuoni ni kama mgeni akilala karamuni, ni sifa kwa mwenyeji. Na Bi Mwanatabu, aliyesema Kisauni hakukaliki, ndiye aliyeng'ang'ania kwamba amefungwa na kiapo na kitanda lazima kivuke.

"Mama, mbona unataka kwenda sasa?" Dhahabu alikuwa karibu na kulia. "Miezi yote hii nimekubembeleza."

"Mimi sitaki kwenda."

"Basi baki!"

"Sitaki kubaki."

"Unataka nini?"

Bi Mwanatabu aliitazama kofia yenye doa la tone la maji. "Nataka ulale, mwanangu. Hapa ni mbali kuja kulala."

Dhahabu aliinama akaanza kukunja mkeka wa pili, akaukunja vibaya, akaukunjua, akaukunja tena.

Ile bunduki niliifungua siku ya pili. Kishale kilikuwa kimejibana kama kizibo cha chupa na nyaya zimeungana. Nilimwambia inaweza kutengenezwa, nikijua kwamba siwezi mimi. Akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu: ukiweka faida zake upande mmoja na hasara zake upande mwingine, ni wapi kumezidi? Nikaanza kujibu. Ilimletea watoto wa baiskeli. Ilimnyima matangazo ya vifo. Haikumwumiza mtu. Haikumwamsha yule mmoja aliyepaswa kuamka, au labda alipaswa kulala, na kama ndivyo basi kuharibika kwake ndiko faida yake kubwa, na hapo nikapotea mwenyewe. Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui, nikatie maji birika.

Watoto wa Timbwani waligawanywa vyuo viwili, kimoja cha maalimu mwenye madawati. Nzai husinzia huko, nasikia, na hakuna anayemgusa. Selpher amenunua saa ya ukutani, na viazi vyake vinaungua. Wengine mtaani wanasema Bi Mwanatabu alishindwa, wengine wanasema alimshinda bintiye mara ya mwisho, na mzee mmoja wa Mtongwe anashikilia kwamba kiapo kilikuwa cha mtoto na Dhahabu ni mwanamke mzima, kwa hivyo mpaka leo chuo kisheria hakijafungwa.

Kitanda cha kamba kilifunguliwa miguu kikafungwa kwa kamba zake chenyewe, pamoja na sanduku la kofia na mikeka miwili. Mwenye mkokoteni alitaka mia. Tulipatana shilingi themanini kutoka Timbwani mpaka feri, na kitanda kikavuka.